Siku Tatu Nansio

Jumamosi ya tarehe 27 Aprili 2024, saa moja na robo asubuhi, nilikuwa nimesimama kwenye mwalo mmoja, ufuko wa kuegesha mitumbwi, nje kidogo ya mji wa Nansio, kisiwani Ukerewe, nikihesabu noti za elfu kumikumi mbele ya kijana ambaye umri wake ni wa wanafunzi niliowafundisha juzijuzi tu. Noti zilikuwa kumi. Laki moja ya Tanzania. Nyuma yake ziwa lilikuwa limechafuka hadi rangi imekuwa ya chai ya maziwa, na mtumbwi wake, uliofungwa kwenye jiwe kwa kamba ya manila, ulikuwa ukiinuliwa na kupigwa chini, ukiinuliwa na kupigwa chini. Kijana aliziangalia zile noti, akaangalia maji, akaziangalia tena noti.

Tangu nirudi Mombasa watu wananiuliza habari za safari, nami nawasimulia miamba ya Mwanza, sato wa kuchoma, machungwa ya Ukerewe. Hili la noti kumi nimelikwepa. Leo naliandika.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Safari hii niliiwekea akiba mwaka mzima: likizo ya Aprili ikifika, nitabeba mkoba mgongoni nilizunguke Ziwa Victoria lote. Nitaingilia Kisumu na Busia, nipite Kampala, Masaka, Mutukula na Bukoba, niende Mwanza, nivuke Ukerewe, kisha nirudi nyumbani kwa njia ya Musoma na Sirari. Idd ilikuwa Jumatano tarehe 10. Ijumaa nikapanda basi. Muhula wa pili ulikuwa unafunguliwa Jumatatu tarehe 29, kwa hiyo nilikuwa na siku kumi na saba, na kila siku niliiandikia mahali pake kwenye daftari, kwa wino mwekundu, kama ratiba ya mitihani. Sikuacha hata siku moja ya dharura.

Nilikulia Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Babu yangu alikuwa mvuvi. Nimelala nikisikia bahari tangu nizaliwe, na moyoni nilikuwa nimejiambia kwamba ziwa ni ziwa tu. Maji yaliyozungukwa na nchi kavu pande zote yatanifanya nini? Laiti ningeitazama ramani vizuri. Ziwa lile lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Chukua Rwanda, chukua Burundi, uziunganishe: zote mbili zinaingia humo na nafasi inabaki. Sisi Wakenya tuna kipande cha asilimia 6 hivi, na ndicho tunachokiona tukiwa Kisumu tukadhani tumeliona ziwa.

Mvua ilinipokea Kisumu, ikanisindikiza. Masika ya mwaka ule ilikuwa nzito Afrika Mashariki nzima, na kila mji niliofika niliambiwa kwamba jana yake ilinyesha zaidi. Kampala nilipoteza siku moja kwa sababu ya barabara iliyojaa maji. Bukoba nikaongeza nyingine kwa sababu ya homa. Bukoba ni mji mzuri, kijani kila upande, na uwanja wake wa ndege uko ufukweni kabisa, njia ya kurukia inaishia karibu na maji. Ndipo tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilipotumbukia ziwani hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani walikuwemo watu 43, wakafa 19. Waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Nilisimama pale ufukweni asubuhi moja, maji yametulia tuli, nikashindwa kabisa kuipata picha ile kichwani.

Jambo moja la kando: Mwafrika mwenye mkoba mkubwa mgongoni haeleweki upesi. Mutukula niliulizwa nauza nini. Bukoba nikaulizwa niko shirika gani. Mwanza, kwenye soko la samaki la Mwaloni kule Kirumba, mama mmoja aliponisikia nasema natembea tu kuona nchi za watu, alipindua ndoo akanikalisha, akanifundisha kusalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", na kushukuru, "wabeja". Halafu akaniambia, "Kutembea ni kuzuri, dada. Ila uwe unauliza wenyeji." Nikaitikia kwa heshima, nikaondoka. Sikulitia neno lile moyoni.

Mwanza yenyewe niliingia Jumapili tarehe 21, kwa kuvuka Busisi kwenda Kigongo. Leo pale kuna daraja la kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na gari linapita kwa dakika chache. Siku ile nguzo zake zilikuwa zimesimama majini bila kukamilika, nasi tulisubiri pantoni kwa saa nyingi ubavuni mwake, watoto wakituuzia mahindi ya kuchemsha. Jumatatu nilikwenda Igoma, walikozikwa watu wa MV Bukoba. Meli ile ilipinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imeshaikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba na Kemondo, ikiwa imebeba abiria kupita uwezo wake. Walikufa mamia kwa mamia. Ukizungumza na mtu wa rika langu mwenye asili ya Bukoba au Mwanza, hachukui muda kukutajia jirani, shangazi au mwalimu wake. Nilitembea kati ya makaburi yale mvua ikinyesha kidogokidogo. Kesho yake, Jumanne, nikapanda meli ya kwenda Nansio, karibu saa tatu majini, jua limetoka, na nilikuwa na furaha kuliko siku zote za safari.

Nilifikia gesti ya mama mmoja karibu na soko. Mbali na vyumba vyake sita, mama yule alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, na nyuma ya gesti alikuwa na stoo ya bati. Jioni ya kwanza nilimuuliza mbona mitumbwi mingi imelala ufukweni, wavuvi wamekaa wanashona nyavu na kucheza bao.

"Ni mbalamwezi, mwalimu," akanijibu.

Dagaa huvuliwa gizani. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni za sola. Mwanga unawavuta dagaa kuja juu, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, dagaa hawakusanyiki, na hivyo kila mwezi wavuvi wa dagaa hukaa nchi kavu siku kadhaa wakingoja giza lirudi. Ile Jumanne ilikuwa usiku wa mwezi mpevu wenyewe. Naomba msomaji ulishike hilo, maana baadaye nililishukuru sana.

Akanipeleka stoo. Akafungua gunia la kwanza, akachota kwa kiganja. Dagaa walikuwa wakavu, weupe wa fedha, ukimvunja mmoja anatoa mlio. Akafungua gunia la pili. Hawa walikuwa wa manjano iliyochuja, wamelegea, wengine vichwa vimetoka, na harufu yake ilinipanda hadi machoni. "Hawa na wale wamevuliwa usiku mmoja," akasema, "mtumbwi mmoja. Wale walipata jua kutwa. Hawa mvua iliwakuta kwenye mchanga. Wale ni mboga ya watu. Hawa ni chakula cha kuku." Alifunga lile gunia la pili kwa fundo moja tu, la kwanza alikuwa amelifunga kwa mafundo matatu. Nimekaa na mvua ya Mombasa miaka yote, kwangu ni matope na magari kukwama. Sikuwahi kuwaza kwamba wingu la saa nane mchana linaweza kupita juu ya kiwanja cha mtu likamwachia nusu ya hela yake.

Mpango ulikuwa hivi: Jumatano kuzunguka Ukerewe, Alhamisi kwenda kisiwa jirani cha Ukara kuliona lile jiwe linalocheza, Ijumaa asubuhi kurudi Mwanza kwa meli, jioni kupanda basi la Nairobi, Jumapili niko Mombasa napiga pasi sare, Jumatatu darasani.

Alhamisi nilichukua bodaboda hadi Bugolora. Tulikuta kivuko kimefungwa gatini na watu wamekaa chini ya miti. Hakukuwa na mvua, ila upepo ulikuwa unavuma kwa mikupuo, unatulia, unarudi. Kisiwa cha Ukara kinaonekana wazi kabisa kutoka pale, unahisi ukinyosha mkono utakigusa. Ni kwenye maji hayohayo, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa mita chache tu kabla ya kufika gati la Bwisya. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. Kivuko cha kubeba watu 101 kilikuwa na watu zaidi ya mara mbili, na waliokufa walipita 220. Baada ya siku mbili wapigambizi wakamtoa mhandisi wake akiwa hai, alikuwa amejibanza mahali palipobaki hewa. Hayo yote nilikuwa nayajua. Niliyasoma wakati ule kama Waafrika Mashariki wote. Na bado nilikaa pale chini ya mti nikiangalia saa, nikinung'unika kwamba upepo wenyewe mbona ni mdogo. Wenzangu waliokaa pale, wengine wamebeba watoto wagonjwa na magunia ya muhogo, hawakunung'unika. Saa tisa nikarudi Nansio. Ukara sikufika.

Usiku huo, kama saa saba, niliamshwa na mlango uliojibamiza. Mwezi ulikuwa umewaka nje kama mchana. Baada ya dakika chache haukuwepo. Upepo ulikuja kwanza, mkavu, una sauti ya lori linalopanda mlima, halafu mvua ikafuata kwa pembeni, ikiingia chini ya madirisha. Taa zilizimika. (Nilipiga kelele "stima imepotea!" na kijana wa gesti akanijibu kwa mshangao kutoka koridoni, "Stima gani, dada?" Kwao stima ni chombo cha majini.) Radi zilikuwa zinapiga ziwani, moja juu ya nyingine, na kwa mwanga wake niliona kupitia dirishani bati la stoo ya dagaa limefunuka upande mmoja, linapigapiga. Mama alikuwa nje kwenye mvua ile amelikalia bati, yeye na binti zake wawili, mwili wa mama mtu mzima juu ya paa usiku wa manane. Nikatoka nikaenda kusaidia kuhamisha magunia. Tulipomaliza, tumelowa chapa, mama alikaa kwenye benchi, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu ni mwema. Mbalamwezi. Vijana wako nyumbani wote."

Sikulielewa neno lake mpaka mchana wake. Bahari ya kwetu ina misimu: kaskazi ina miezi yake, kusi ina miezi yake, na mvuvi anajua lini apumzishe mashua. Ziwa lina tabia nyingine, nayo ni ya kila siku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, upepo ukatoka ziwani kwenda bara. Usiku nchi kavu hupoa, ziwa linabaki na joto lake. Upepo hugeuka, unateremka kutoka pande zote kuelekea katikati ya maji, unakutana huko, hewa yenye unyevu inapanda juu na mawingu yanajengeka. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani huzaliwa usiku na kupiga hadi alfajiri. Na usiku ndio zamu ya mvuvi wa dagaa. Anaingia jioni ziwa limetulia kama karai la maji, taa zake anazielekeza palepale ambapo baada ya saa sita kutakuwa na radi. Kama dhoruba ile ingekuja wiki mbili kabla, kwenye giza, mamia ya vijana wangekuwa humo.

Ijumaa asubuhi nilikuwa bandarini na mkoba wangu kabla ya saa mbili. Meli ipo, imefungwa. Mkata tiketi alikuwa ametoa kichwa dirishani anarudia neno moja kwa kila anayefika: "Leo hatuondoki." Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ulikuwa umetahadharisha upepo mkali na mawimbi, na nahodha, alipoyaona maji kwa macho yake, akakataa. Nilimweleza mkata tiketi kwamba mimi ni mwalimu, shule inafunguliwa Jumatatu, natoka Kenya, basi langu ni la jioni. Nilimwambia kwamba mvua yenyewe imeshakatika. Nilimwambia kwamba hapa hakuna utaratibu, kwamba wanacheza na muda wa watu. Nilipaza sauti. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema kwa upole, "Dada yangu, hela yako ipo. Tiketi ipo. Meli nayo ipo, unaiona. Kinachokosekana leo ni ziwa."

Ilikuwa sikukuu. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulikuwa unatimiza miaka 60 siku hiyo, na kwenye kila kibanda redio zilikuwa zinatangaza sherehe kutoka Dar es Salaam, gwaride na nyimbo. Nilikaa kwa mama ntilie na chai iliyopoa, nikipiga hesabu upya. Hata Rugezi, upande ule wa kisiwa wenye kivuko kifupi cha kwenda Kisorya, bara, waliokuja walisema nako kumefungwa. Jioni upepo ulipungua kidogo, usiku ukarudi.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye ule mwalo Jumamosi, na noti kumi mkononi.

Yule kijana nilielekezwa na mwendesha bodaboda. Alikuwa na mtumbwi wa tajiri wake, ndivyo wanavyomwita mwenye chombo huku, na injini ndogo ya nyuma. Nilimwambia nataka anivushe Kisorya. Akasema hapana, maji mabaya. Nikamwambia elfu hamsini. Akacheka kwa haya, akasema mwalimu, ngoja kesho. Nikamwambia themanini. Akanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea kwa kujua, na hilo silifichi: niliona kunyamaza kwake nikakuelewa vizuri kabisa. Nafundisha vijana, naijua sura ya kijana anayepiga hesabu. Mbalamwezi ilikuwa imemkalisha siku nyingi bila kipato. Nikatoa laki.

Akaanza kuvuta mtumbwi karibu. "Tutapita pembenipembeni," alisema, na sauti yake haikuwa inaniambia mimi. Hakukuwa na boya hata moja ndani, nililiona hilo pia. Kulikuwa na kopo la kukombea maji.

Mzee alikuja akitembea taratibu, amevaa koti la mvua na kofia ya sufu. Nilikuja kujua ni mwenyekiti wa BMU, kile kikundi kinacholinda uvuvi kwenye mwalo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mgeni anakwenda wapi?"

"Kisorya, mzee. Shule inafunguliwa Jumatatu."

"Leo?"

"Ndiyo, mzee."

Hakunijibu. Alimtazama kijana, kijana akainamisha kichwa. Mzee akapandisha suruali, akaingia majini mpaka magotini, akashika ukingo wa mtumbwi, akapanda, akakaa kwenye ubao wa nyuma palipo na injini. Akakunja mikono.

"Mimi nimeshakaa," akasema. "Mkitaka kwenda, tutakwenda wote watatu. Mama watoto wangu mtamweleza ninyi."

Tulisimama hivyo muda mrefu. Wimbi likija lilimwinua mzee na mtumbwi wake, likamshusha, maji yakimwagikia mapajani, naye ametulia. Mawimbi ya ziwa lile ni mafupi na yamesimama wima, moja halijaondoka lingine limefika. Bahari yetu inakupa nafasi ya kuvuta pumzi. Kisha mzee akaniita kwa jina la kazi yangu. "Mwalimu. Hao watoto watamsubiri mwalimu mzima. Huyu," akamwonyesha kijana kwa kidevu, "ana mama yake pale juu, anakaanga mandazi. Umemwomba ruhusa?"

Nilirudisha noti kwenye mkoba. Mikono ilikuwa inanitetemeka, na kwa muda sikujua kama ni hasira au ni kitu gani.

Nilipofika gesti nilimpigia mama yangu Mtongwe kumweleza kwamba nimechelewa. Sikumtajia mtumbwi. Akaniambia jambo ambalo nalijua tangu nina akili, ila kila mwaka hulisema: Jumatatu ni tarehe 29. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka na watu 272 wakafa, karibu kabisa na nchi kavu, wakienda kazini kisiwani. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Mjomba wangu alikuwemo. Mama amesimulia mara nyingi jinsi mjomba alivyochelewa siku ile, akakimbia na viatu mkononi, akaruka ngazi ikiwa inainuliwa, na watu waliokuwa ndani wakampigia makofi kwa kufaulu kuingia. "Hakutokea mtu hata mmoja wa kumwambia kaa chini, utapanda kinachofuata," mama alisema. Amesema hivyo miaka thelathini. Siku ile kwenye simu, na matope ya ule mwalo yakiwa bado miguuni mwangu, ndipo nilipolisikia.

Sikuweza kuendelea na mazungumzo. Nilimwambia mtandao mbaya.

Alasiri nilikwenda kwa yule mama wa mandazi. Sikuwa nimepanga cha kusema. Nilimwambia, mama, nimemkosea mwanao, nilitaka kumlipa anivushe ziwa limechafuka. Alikuwa anageuza mandazi kwenye karai, hakuacha. Alisema wifi yake aliondoka na MV Nyerere. Siku ile hata dhoruba haikuwepo, alisema. Kila mtu alikuwa na haraka tu, ya soko, ya kurudi kupika. Halafu akafunga mandazi manne kwenye gazeti akanipa, akakataa hela. Nikayapeleka bandarini kwa yule mkata tiketi niliyempigia kelele. Alicheka sana, akasema amezoea. Nilimwomba anipelekee salamu kwa nahodha.

Jumapili ziwa lilitulia. Nilivuka Rugezi kwenda Kisorya kwenye kivuko kilichojaa baiskeli na mbuzi, mtu mwenye sare amesimama langoni akihesabu vichwa kwa kidole, na alipofika mwisho akateremsha mlango watu wengine wakiwa wamebaki nje. Wakarudi kukaa kwenye mawe. Nikalala Bunda. Jumatatu tarehe 29 asubuhi, nikiwa Sirari kwenye foleni ya uhamiaji, simu yangu ikashika mtandao wa Kenya na jumbe zikaanza kuingia mfululizo. Usiku uliopita Wizara ya Elimu ilikuwa imeahirisha kufungua shule kwa wiki moja kwa sababu ya mafuriko. Baadaye waliahirisha tena. Tulifungua tarehe 13 Mei. Alfajiri ya Jumatatu hiyo ya tarehe 29 maji yalikuwa yameshuka Mai Mahiu, kwetu Kenya, yakasomba nyumba na watu wamelala. Nilijitoa kwenye foleni nikaenda kukaa kwenye ukuta wa karibu. Mkoba sikuuvua. Nililia, na askari mmoja wa kike wa upande wa Tanzania akaja akaniuliza kama nimefiwa.

Namba ya yule kijana niliipata kwa mama mwenye gesti. Mara ya kwanza nilimpigia kumwomba radhi, na yeye ndiye aliyeona haya, akasema, "Aa, mwalimu, yameisha." Sasa ni desturi yetu. Siku za mbalamwezi hatuandikiani. Giza likirudi, jioni baada ya Magharibi nafungua simu kutazama utabiri wa Ziwa Victoria, mimi ninayeishi zaidi ya kilomita 700 kutoka pale, halafu namwandikia kumuuliza wameamuaje. Mara nyingi hajibu, maana wameshaingia, na najua hivyo kwa tiki moja ya kijivu inayokaa mpaka asubuhi. Usiku huo sipati usingizi mzuri.

Jana alijibu saa moja na nusu. "Leo hatuingii, mwalimu. Mzee ameona wingu upande wa Ukara."

Nikazima taa nikalala.